Chupa ya Abeli

Siku arobaini baada ya mazishi, mama yake Abeli alikuja maabara kuchukua kazi ya mwisho ya mwanawe.

Profesa Kisamo aliishusha chupa kutoka dirishani, akaitazama mara mbili. Abeli alikuwa ametengeneza chembe za dhahabu ndogo mno, hazionekani kwa jicho, zikayafanya maji kuwa mekundu. Sasa maji yalikuwa ya buluu.

"Nani kaigusa hii?"

"Mimi, Profesa," alisema Tumsifu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Niliona imepungua. Nikaongeza maji ya bomba, mama asije akapewa chupa nusu."

Maji ya bomba ya mji ule yana chumvi, na chumvi huzishikamanisha zile chembe, rangi ikageuka buluu. Hazitengani tena.

"Kosa langu," alisema Profesa. "Sijakufundisha bado."

Mama aliipokea chupa. "Aliniambia nyekundu kama juisi ya rozela."

"Ilikuwa nyekundu, mama," alisema Profesa. "Hata jana."

Tumsifu akaanza kulia.

"Nyamaza, mwanangu. Hata mimi ningeijaza."

Mama akasogea dirishani, akaiinua chupa juani, akawa anaigeuza polepole, upande huu, na upande ule.