Dakika Arobaini na Tano

Kofi la pili la Nyundo ndilo lililomwangusha mama yake mzazi. La kwanza alilipokea akiwa amesimama, mgongo kwenye mlango wa stoo.

"Mke wangu yuko wapi?"

Mama akajikokota, akainuka, akaegemea mlango uleule. Damu ilimtoka puani. Ndiyo, mama yake huyohuyo aliyembeba tumboni! Nyundo, mwenye bucha sokoni, hakuchagua wa kumpiga. Jana yake alimvunja mkewe mkono kisa chai imepoa.

"Usiniue, mwanangu," mama akasema. "Amepanda basi la alfajiri. Anakwenda kwa dada yake, ng'ambo ya milima."

"Leo namchinja."

"Basi linazunguka milima kutwa nzima. Ndege ni dakika arobaini na tano tu. Ukiwahi, utamtangulia." Akafuta pua kwa upindo wa gauni. "Ni mkeo. Kamfunze adabu."

Jamani, mama mkwe gani huyu!

Uwanja wa ndege ulikuwa chumba kimoja chenye mizani na dirisha la tiketi. Ndege ilikuwa ndogo, na viti vyote vimeshachukuliwa. Nyundo akamkaba abiria wa mwisho kwenye foleni, mwalimu mmoja mwembamba, akambamiza ukutani mpaka miwani ikapasuka.

"Huyu hasafiri tena. Niandikie mimi."

Mlinzi akaangalia viatu vyake. Dada wa tiketi akaandika.

"Lakini kaka, ujue kabisa, ya kurudi ni..."

Ngumi ikamkuta mdomoni.

"Nani amekuuliza habari za kurudi?"

Hakuna aliyemuuliza, na hakusema tena. Jino lake lilibaki juu ya kaunta. Begi la Nyundo, na kisu chake cha bucha ndani, likapimwa kwenye mizani kama mizigo mingine, likatupwa nyuma ya ndege.

Angani akaliona basi. Lilikuwa chini kabisa, dogo kama kiberiti, likijikongoja kwenye kona za mlima. Nyundo akakipiga kiti cha mbele yake ngumi ya furaha, aliyekikalia nusura azimie.

"Tambaa, mama. Tambaa tu, mumeo anakusubiri."

Akacheka peke yake. Wengine wote walitazama madirishani.

Walitua jua likiwa bado la asubuhi. Kwenye kituo cha basi akampiga teke muuza magazeti aliyekuwa kwenye benchi, akakaa yeye. Akatoa kisu, akaanza kukinoa taratibu kwenye ukingo wa saruji. Basi lingefika jioni. Mkono ulikuwa mwepesi na moyo umetulia, maana hesabu ilikuwa upande wake: dakika arobaini na tano kwake, kutwa nzima kwa mwanamke.

Wakati huohuo, kule alikotoka, mama yake alijitoa mlangoni pa stoo, akaufungua. Uso ulikuwa umemvimba, jicho moja halioni.

"Toka, mwanangu, jikaze," alisema, akimshika mkwewe mkono ule mzima. "Ndege hairudi mpaka wiki ijayo, na kwa barabara ni kutwa nzima. Twende zetu."