Kidonge cha Jioni

Daktari alimwaga mfuko wa dawa mezani, akavitenga vidonge vidogo vya njano.

"Hivi vya mafua, mama anavimeza tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa," alisema Salha. "Asipovimeza halali, ananiita usiku kucha, na mimi saa tisa naamkia maandazi."

"Basi ndivyo vinavyomharibia kumbukumbu. Kwa umri wake, havifai. Kuanzia leo asivimeze. Huenda akili ikarudi, huenda isirudi yote."

Mwaka mzima Salha alikuwa akiwaambia majirani ni uzee tu.

Daktari akamwinamia mgonjwa. "Bi Mashavu, nani alikuanzishia dawa hizi?"

Bi Mashavu alitabasamu. "Yupo dada mmoja, Mungu ampe kheri. Kila jioni huniletea na maji. Salha wangu, niliyemzaa mwenyewe, hata hakanyagi kwangu."

Salha alivirudisha mfukoni vidonge vingine, vya njano akaviacha mezani.

Jioni aliingia chumbani na bilauri ya maji tu. Mama yake alikuwa amekwisha kukaa kitandani, kiganja amekifungua.

"Ahsante, dada," alisema Bi Mashavu, akangoja.