Kapiteni Mukuba

Camille alitia mdomo ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, akatoa ile sauti nzito ya kuwaita askari wake. "Basoda bangu! Muko bangapi?"

Dada yake Deborah, aliyekuwa akimkanda baba yao miguu, alicheka mpaka taulo likamponyoka. "Tuko babili, Kapiteni!"

Mzee Germain hakufungua macho. Tangu Jumatatu daktari alikuwa amewarudishia mgonjwa wao nyumbani, mtaa wa Panda: mapafu yamekwisha, mpeni chochote anachotaka. Hakutaka kitu. Mwenye kutaka alikuwa Camille. Alitaka baba yake asife kabla ya kushukuriwa, basi.

Maana huyo Kapiteni Mukuba mnayemsikia alitungwa na wao wawili, Camille akiwa na miaka minane, Deborah sita. Ni mwaka ule Wakasai wa Likasi walipofukuzwa, wakajaa na mizigo yao kwenye gare, stesheni ya mji, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", hata wale waliozaliwa hapa hapa. Mama yao, Georgette, alikuwa Mkasai. Baba hakuwa, na watoto ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo mama akaenda, wao wakabaki. Shangazi yao aliwaambia kwamba alipanda treni ya kwanza bila hata kugeuka nyuma. Jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Kapiteni alikuwa shaba mwili mzima, maana mukuba ni shaba. Risasi haimwingii, moto haumwunguzi. Walimcheza uani kutwa nzima, na fimbo na masufuria, kelele zao zikasikika mpaka barabara ya pili. Halafu jioni moja, king'ora cha kiwanda kilipolia watu watoke kazini, Kapiteni mwenyewe akasema! Alisema nyuma ya ukuta wa ua, pale palipokuwa na tundu la tofali moja. "Basoda bangu! Muko bangapi?"

Deborah alijikojolea. Kesho yake sauti ikarudi, na keshokutwa. Iliwauliza kama wamekula. Iliwauliza kama wamenawa miguu, na kama kifua cha Deborah kimepoa. Kisha mkono uliovikwa soksi ukapenyeza mikate ya mafuta, ya moto bado. Dakika chache baadaye baba aliingia kwa mlango wa mbele na kofia yake ya kazi, amechoka, anajifanya hajui lolote. Weee! Watoto walijibanza jikoni wakiziba midomo wasicheke. Walikuwa na sheria moja: ukimwambia Kapiteni kwamba unamjua, anakufa. Kwa hiyo hawakumwambia.

Ilikwenda hivyo miezi mitatu. Siku moja wakakuta tundu limezibwa kwa simenti, mbichi bado. Camille alimweleza dada yake kwamba Kapiteni ameitwa vitani, na walilia wote wawili.

Sasa Camille ana miaka arobaini na ndevu zimeanza mvi. Kazi ya mgodini Kakanda ilikwisha, goti lake halikunjiki vizuri, na mke wake amechoka kumwuliza kesho watakula nini. Mtu mzima mzima, lakini hofu ikimshika usiku bado hujibu kimoyomoyo: tuko babili. Hajapata shujaa mwingine. Kwa ajili ya ile mikate alimpenda baba kwa mapenzi ya wazazi wawili, na kumchukia mama kwa kiasi hicho hicho. Mama alipopiga simu kutoka Mbujimayi, huko Kasai, mara tatu, Camille alikata kabla hajamaliza kusema "mwana wangu". Pasaka iliyopita wakaletewa habari kwamba amefariki.

Deborah alitaka kwenda kwenye matanga.

"Kufanya nini?" Camille alimwuliza. "Ule alitukimbia. Papa njo alitulea."

Hawakwenda.

Aliweka kopo chini, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. "Papa. Tulikuwaka tunajua."

"Nini?" Mzee alifungua jicho moja.

"Kapiteni Mukuba. Kule ku tundu ya ukuta ya lupango. Tulijua kama ni weye, hatukusema juu ya kuogopa utaacha." Alimfunika shuka vizuri. "Bile byote nilifanya mu maisha, nilifanya juu nifanane na ule Kapiteni. Aksanti, Papa."

"Kapiteni gani?"

Camille alitabasamu na machozi yake. Hata leo mzee anaficha! Akamfanyia ile sauti tena, polepole, karibu na sikio. "Basoda bangu. Mulinawa miguu? Kifua ya Debo inapona?"

Mzee Germain alimshika Deborah mkono, akaomba ainuliwe. Walimwekea mito miwili mgongoni. Alipumua kwa shida, akitazama ukuta.

"Alikuwa analeta chakula?" aliuliza.

"Nani, Papa? Weye ulikuwa unaleta mikate."

"Shangazi yenu aliniambia iko anabafundisha, weye na Debo, kutoroka." Alifunga macho. "Minye niliamini."

"Papa, unasema juu ya nani?" Deborah aliuliza.

"Treni zote zilikuya, akakatala kupanda. Miezi tatu analala ku gare na baridi, juu ya ile tundu," alisema mzee. "Njo minye nikaiziba, mama yenu apate kwenda."