Supu ya Baba Mkwe

Kwa siku ya tisa mfululizo, Bi Harusi alimwaga supu ya mama mkwe wake nyuma ya banda la kuku.

Kuku wakaikimbilia kama kawaida yao. Hakuna aliyekuwa amekufa mpaka siku hiyo, lakini hilo halikumtuliza. Kuku humeza hata misumari, atajuaje sumu? Akasuuza bakuli kwa maji ya mvua, akatazama huku na huku, kisha akajipenyeza kwenye stoo ya magunia alikoficha jiko dogo na sufuria yake mwenyewe.

Alikuwa na miezi miwili ya ndoa, ndiyo maana shamba zima bado lilimwita Bi Harusi. Mtu wa kwanza kumwita mwanangu katika nyumba ile alikuwa baba mkwe. Naye wafanyakazi walimwita Mzee Bomba, kwa kuwa alibeba bomba la kupulizia dawa mgongoni miaka thelathini. Mwenyewe alilipenda jina hilo, akidai wanasifu umbo lake. Sasa umbo lenyewe limekwisha. Wiki ya tatu hii amelala chumba cha uani. Mwanzoni alikuwa akitaniana na kila anayeingia, lakini tangu wiki iliyopita hata kijiko hakishiki. Anatetemeka, na jasho linamtiririka kwenye baridi ya kuuma mifupa.

Mama mkwe ndiye anayemmaliza. Bi Harusi hakuwa na shaka.

Supu ya mgonjwa haikuguswa na mtu mwingine. Mama aliipika mwenyewe, mlango wa jikoni umefungwa. Shamba limejaa kabichi nono na spinachi zinazong'aa, lakini mume wa Bi Harusi alimchumia mama yake majani ya nyuma ya zizi, yaliyotobolewa na viwavi mpaka yakawa chekeche. Siku Bi Harusi alipothubutu kuchuma spinachi kando ya barabara, mama alimpiga mkono mpaka zikaanguka.

"Hizo ni za soko, mwanangu. Usiziguse."

Uchoyo gani huu, hata kwa mtu anayekufa?

Tena aliwasikia kwa masikio yake, mama na mwanawe, wakinong'ona karibu na zizi.

"Mkeo asijue kwanza," mama alisema. "Bado mgeni, na mdomo wake hauna kufuli."

"Najua, mama. Likitoka nje hili, tumekwisha."

Tangu siku hiyo hakumwamini hata mume wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Shamba nalo halina huruma. Kabla jua halijachomoza ng'ombe wakamuliwe, karoti zioshwe, makreti yapangwe, na lori likishafika hakuna anayekumbuka mgonjwa. Hapo ndipo mama alipomwachia bakuli. "Mlishe baba yako polepole, asiache hata tone." Naye huitikia, "Sawa, mama," huku roho inamuuma. Nusu saa hiyo ya kupakia lori ndiyo ilikuwa yake.

Akakaanga kitunguu, akatia karoti na viazi, maji yalipochemka akaongeza kabichi, na mwisho spinachi. Zote alikuwa amezichuma alfajiri kando ya barabara, akazificha ndani ya ndoo ya maziwa. Majani mapana, safi, hayana hata tundu moja. Alionja mara mbili. Kichwa kikaanza kumgonga kama jana na juzi, akalaumu kuamka saa kumi.

Mzee alipoona bakuli alijitahidi kuinua shingo. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikabaki nukta.

"Siku hizi mama yako kajifunza kupika," alisema kwa shida. "Miaka yote hii sijui alikuwa anangoja nini."

Bi Harusi alicheka, machozi yakamtoka. Akamfuta mate yaliyomchuruzika kidevuni. Sumu ya zile siku za mwanzo bado imo mwilini, aliwaza, dawa yake ni kula. Akaenda kumjazia tena. Siku nyingine zote mzee aligoma kuongezewa, lakini leo alikula mpaka mwisho, na mkwe wake akaona kwamba ameshinda.

Gari la daktari lilipoingia uani, mama alikimbia kutoka kwenye lori akiwa na matope mpaka magotini. Bi Harusi ndiye aliyempigia daktari simu, kwa siri. Leo yatasemwa yote.

Daktari alimfunua mgonjwa macho, akamshika mkono uliokuwa unarukaruka.

"Nilimwacha akipata nafuu. Imekuwaje?"

"Nitasema mimi, daktari." Bi Harusi akasogea mbele. "Mama anampikia majani yaliyoliwa na wadudu. Mboga nzuri zote anamnyima."

Daktari akamgeukia Bi Harusi bila hasira.

"Niliagiza mimi, binti. Dawa ya wadudu imemwingia miaka thelathini, mwili wake hauwezi kustahimili hata tone jingine. Jani lenye kiwavi hai ndilo jani ambalo halijapuliziwa."

"Na hayo hayo ndiyo ninayompikia, haki ya Mungu," mama alisema, akijifuta mikono kwenye kanga. "Zile za barabarani tunazipulizia kila Jumatatu na Alhamisi. Sisi wenyewe hatuzili, daktari, ila hatuthubutu kusema, wanunuzi watatukimbia. Ningempaje mume wangu?"

Mzee Bomba akafumbua macho, akamtafuta mkwe wake chumbani mpaka akamwona, akatabasamu.

"Msimgombeze mtoto," alisema. "Ndiye anayenilisha. Leo nimemaliza bakuli mbili."