Redio ya Baba Roza

Shija alimwambia Jailos, mwenye duka, apunguze sauti ya redio. Kisha akatoka nje, akavuka barabara ya lami, akasimama upande wa pili karibu na lori la mbao.

"Mama, redio inanunuliwa kwa kuikaribia!" Jailos alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Wewe mbona unaikimbia?"

"Punguza tena."

"Nikipunguza tena hutasikia neno."

"Ndivyo ninavyotaka."

Utingo wa lori akacheka. Shija hakumjali. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, halafu akarudi dukani amekunja uso.

"Hiyo inakwaruza. Lete nyingine."

Pale Igawa, duka la Jailos lilikuwa na redio tatu za bei nafuu. Ya kwanza, alisema, ni ya mpira: goli likifungwa Dar es Salaam, bati la nyumba yako linatikisika. Ya pili ni ya nyimbo na michezo ya kuigiza. Ya tatu ilikuwa imeshatumika, kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa ukanda wa tairi la baiskeli.

"Mzee nyumbani anapenda nini?"

"Mzee ni mgonjwa. Kifua."

"Basi mchukulie ya mpira, apate nguvu. Au hii hapa." Jailos akafunua gunia kwenye kona. Chini yake kulikuwa na televisheni ambayo dereva mmoja aliitoa Zambia akashindwa kuiuza. "Wenzetu wanaangalia sinema humo humo. Unamwona mtu na kumsikia. Kwetu haishiki kitu, lakini ni pambo."

"Mtu wa kuonekana simtaki," Shija alisema. "Nataka wa kusikika."

Akachagua ile ya tatu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama ya mtu anayeongea ameegemea ukuta. Alilipa kwa pesa ya samli, akaifunga redio ndani ya kanga, akashika njia ya mbugani.

Bujiku, mdogo wa mumewe Maganga, alikuwa amewatembelea siku chache nyuma. Alisimama nje ya ua wa miiba, maana kifua kikuu alikiogopa kuliko simba. Alitaka Roza, binti wa Shija, aolewe na mzee Shigela, ambaye meno yalikuwa yamemwisha lakini ng'ombe hawajamwisha. Roza alikuwa bado darasa la sita.

"Mwenye binti ni baba yake," Shija alimjibu. "Na baba yake amekataa."

"Amekataa kwa mdomo upi? Tangu mvua zikatike sijamsikia. Shemeji, mgonjwa asiyeongea hana mji. Nikija tena nisimsikie, naamua mimi. Roza, ng'ombe, na wewe mwenyewe."

"Sauti imemkauka. Itarudi."

Bujiku alitupa macho kwenye zizi. "Na hili zizi, samadi imejaa hivi, mbona hamlihamishi?"

"Baba Roza hataki."

Siku Bujiku aliporudi, jua lilikuwa linazama. Roza aliliona vumbi la baiskeli yake kwa mbali, akakimbia ndani. Shija akamzuia mgeni pale pale penye miiba, akampa kigoda.

"Mwadila, kaka!" Bujiku alimsalimu kwa sauti kuelekea kwenye nyumba.

Kimya. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza, nzito, ya chini, isiyo na haraka. Maneno hayakushikika. Ilinyamaza kidogo, ikaendelea.

Bujiku akavua kofia. "Eh! Anaongea na nani?"

"Na binti yake."

"Leo kawa mwenyekiti wa mkutano! Huyu enzi zake alikuwa hamalizi maneno matatu kwa siku."

"Ugonjwa humbadilisha mtu, shemeji."

Bujiku alisikiliza mpaka uso ukamlegea. Shija aliona anavyoikunja kofia mikononi. Akajua kwamba huyu naye alimpenda kaka yake, na kwamba kupenda huko hakutamsaidia mtu yeyote.

"Muulize habari ya Shigela."

Shija akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka.

"Amesema hataki."

"Haya. Neno la mwenye mji ni neno." Bujiku akainuka, akavaa kofia yake. "Lakini mvua zikianza, kifua au si kifua, naingia nimshike mkono. Ndugu si wa kusikia tu, shemeji. Ndugu ni wa kugusa."

Upande wa Mbeya, juu ya milima, mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Baiskeli ilipotokomea, Roza akazima redio. Sauti ilikuwa imeanza kufifia. Betri zilikuwa zinakwisha, na chungu cha samli kilikuwa kitupu.

"Mama, mvua zikianza tutafanyaje?"

Shija alifungua lango la zizi, akapita taratibu katikati ya ng'ombe, samadi ikimfika vifundoni, mpaka akafika kwa yule mwekundu aliyekuwa amelala pembeni ya wenzake.

"Baba Roza," alisema kwa sauti ndogo, "ameondoka."

Ng'ombe mwekundu akainuka juu ya kaburi, akampisha.