Mnada wa Futi na Timazi

Modesta alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya karoti, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, akimchungulia mume wake wa ndoa. Afadhali ingekuwa mwanamke! Mwanamke angemwendea wakamalizana. Lakini Laurenti alikuwa amesimama peke yake mbele ya kanisa, mikono nyuma, akilitazama sanduku kubwa la mbao.

"Ndilo lenyewe?" akanong'ona Eufrazia, shoga yake tangu shuleni ambaye Laurenti hamjui kwa sura, muuza kabichi wa hapo hapo Mgeta.

"Ndilo. Huoni alivyolitolea macho?"

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na baada ya misa waumini walikuwa wakinadi walichomtolea Mungu: majogoo, viazi, maboga, mikungu ya ndizi. Mwaka huu likawapo na sanduku. Katekista Gabrieli, ambaye ndiye alikuwa mnadi, akalifungua na kuinua kimoja kimoja: futi ya mbao ya kukunja yenye ncha za shaba, timazi, bikari, skwea yenye mpini wa mpingo.

"Vya kale hivi, jamani! Vya kupimia na kuchorea mbao, enzi za mafundi wenyewe!"

Modesta akaguna. Takataka kama hizo zimejaa nyumbani kwake Mafiga, sawasawa na hizi. Kwake yeye futi ni futi tu.

Tangu astaafu kufundisha useremala, Mwalimu Laurenti alikuwa hapitwi na mnada. Ananunua, anafuta kutu, anapaka mafuta, anapanga kwenye chumba cha nyuma. Kupima hapimi, hata kigoda. Na chumba hicho Modesta alikuwa akikililia mwaka wa nne sasa, ashonee humo sare za shule badala ya barazani, ambako mvua ikishuka kutoka milimani inamlowanishia vitambaa vya watu.

Mwezi uliopita uvumilivu ukamwisha. "Baba Irene, chagua: makorokoro yako au mimi!"

Siku ya pili Laurenti akabadilisha kufuli la chumba, kisha akawa anajifungia humo mchana kutwa akigonga misumari. Shelfu za kuongezea, nini kingine? Halafu jirani yao, Zuleha, akasema ameona bajaji na magunia mlangoni kwao. Na jana bwana mkubwa akaaga kwamba anapanda Mgeta, kuna mnada parokiani, akaondoka anapiga mluzi. Mluzi!

Safari hii haipiti, Modesta akaapa. Alfajiri akadandia lori lililokuwa linapanda kufuata mboga, akiba yake ya kununulia cherehani mpya ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Elfu ishirini!" Laurenti alipaza sauti, mnadi hata hajafunga mdomo.

"Haya, nyosha mkono," Modesta akamfinya mwenzake.

"Thelathini!" akasema Eufrazia.

Laurenti akageuka kumtazama huyo mshindani wake na, mtu wa ajabu huyu, akatabasamu. "Arobaini!"

"Anakucheka huyo! Panda!"

Wakapanda. Watu wakaacha majogoo yao wakaja kutazama. Kila Eufrazia alipoongeza bei, uso wa Laurenti ulizidi kuchangamka, na Modesta akazidi kupandwa na hasira. Ilipofika laki mbili, moyo unamuuma, kwenye kanga imebaki pesa ya uzi na nauli tu. Akafumba macho. Akiongeza shilingi moja, nimekwisha.

Laurenti akajikuna kidevu. Akarudisha mikono nyuma.

"Laki mbili, mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Limekwenda kwa mama wa kabichi!"

Vigelegele vikapigwa, na Laurenti naye akapiga makofi kwa nguvu. Mnafiki mkubwa, Modesta akasema moyoni.

"Sasa dude hili nalipeleka wapi mie?" Eufrazia akauliza.

Hilo Modesta alikuwa ameshalifikiria. Mnada wa kanisa una desturi yake: unanunua, halafu unamzawadia umpendaye, na hakuna wa kukuuliza. Akamnong'oneza.

"Nampa Padre zawadi!" akatangaza Eufrazia, na kanisa zima likashangilia.

Saa kumi jioni Modesta alikuwa ameshafika Mafiga, mgongo unamuuma lakini kifua mbele. Cherehani imekwenda, sawa, ila nyumbani kwake haijaingia hata bikari moja. Zuleha akamwita kutoka uani kwake.

"Mwalimu aliniachia ufunguo huu jana. Kasema nikupe leo saa kumi, nisikupe kabla."

Ulikuwa ufunguo wa chumba cha nyuma. Modesta akafungua, akasukuma mlango. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, sakafu imefagiwa, na chini ya dirisha palikuwa na meza mpya ya kukatia vitambaa, bado inanukia mbao. Hapakuwa na futi wala timazi. Hapakuwa na kitu kingine chochote.

Bado amesimama hapo mlangoni, bajaji ikapiga honi nje.

"Mama Irene!" Laurenti alikuwa anahema, analivuta sanduku kwa mikono miwili. "Nilivitoa vyote sadaka, mke wangu, vyote, kwa ajili yako! Hata bei nilivipandishia mwenyewe, kanisa lipate kitu. Basi kuna mama mmoja wa kabichi, Mungu amsamehe, kavinunua akampa Padre. Na Padre naye kasimama mbele ya watu, kasema mtu aliyetoa kwa moyo namna ile hawezi kuondoka mikono mitupu. Sasa zawadi ya Padre utaikataaje? Haya, shika upande huo."