Punda Aliyeomba Kupumzika

Bibi Punda alibeba magunia ya watu mpaka mgongo ukapinda, na nguvu zilipomwishia, wanawe wakampeleka kwa Mbweha, mlezi wa wazee. Huko alimkuta Sungura kipofu akisuka mkeka, Mbuzi kibogoyo akiimba, na Kobe akicheza ngoma huku miguu ikimtetemeka.

"Shika kayamba, dada," Kobe alimnong'oneza. "Usikae bure."

Punda alichukia. Ametumwa maisha yake yote, na hapa pia atumwe?

Jioni Mbweha alipita akitabasamu. "Michezo huwachangamsha wazee wangu," alisema. "Lakini aliyechoka asione haya, aniambie tu."

Wazee wote wakainama wakazidisha kuimba. Punda peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Mwanangu, mimi nataka kupumzika."

"Haya, mama, twende," alisema Mbweha, akamshika sikio kwa upole, akampeleka nyuma ya nyumba.

Kesho yake wanawe walikuja na majani mabichi.

"Mama yenu amepumzika," Mbweha aliwaambia, akijipangusa mdomo.

"Afadhali, alikuwa amechoka sana," walisema. Wakayaweka majani mlangoni, wakaondoka wakinyata, wasije wakamwamsha.